GARI INAGONGA MBELE? USIKIMBILIE KUNUNUA SHOKAPU



Leo tuache siasa na mpira kidogo, tuongelee kitu kinachotafuna hela za watu kimya kimya hapa Dodoma na kwingineko: saspensheni za gari za zamani. Najua wengi mnaosoma hapa hamna gari bado, hata mimi sina, natembea kwa miguu na daladala. Lakini kila mmoja wetu ana baba, mjomba, dada au jirani mwenye Corolla, Carina, Mark II au Noah ya miaka ya 90. Ikianza kugonga, ni wewe unayetumwa kwa fundi na hela mkononi. Ukienda huelewi kitu, utarudi hela imeisha na gari bado inagonga.

Mimi naishi Kikuyu (sio ile ya Kenya jamani, hii ni ya hapa hapa Dodoma mjini, maeneo ya Chuo Kikuu cha St. John's, ambako zamani ilikuwa sekondari ya Mazengo). Tangu nimalize form four nimekaa sana kwenye gereji moja ya chini ya mti hapa mtaani, kazi yangu kushika tochi na kuleta spana. Sina cheti cha ufundi, ila nimeuliza maswali mpaka mzee wa pale akanipa jina la "Polisi". Haya ninayoandika ndo niliyoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono.

KWA NINI HUKU KWETU ZINAKUFA HARAKA

Gari nyingi tunazoendesha ni mtumba kutoka Japani. Wenzetu Kenya hawaruhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Kwetu hakuna katazo la namna hiyo, ila gari ikiwa kongwe unalipa kodi ya uchakavu juu yake. Kwa hiyo utakuta gari ya 1996 au 1998 bado iko barabarani, tena inafanya kazi ya taksi kutwa nzima.

Sasa elewa kitu kimoja. Saspensheni ina vyuma na ina raba. Chuma kinachakaa kwa kutumika, lakini raba inachakaa hata gari ikiwa imepaki tu. Jua, joto, mafuta yanayovuja kutoka kwenye injini, vyote vinaifanya raba iwe ngumu, ipasuke, imeguke. Gari ya miaka 25 ambayo haijawahi kubadilishwa bushi, hata kama mwenye nayo anaapa kwamba "ilikuwa ya mwanamke, haijatembea", bushi zake ni za miaka 25.

Halafu ongeza Dodoma yetu. Mvua ni kuanzia kama Disemba mpaka Aprili, miezi mingine yote ni vumbi na upepo. Ukitoka kwenye lami unakutana na barabara imejikunjakunja kama bati. Kwenye bati lile shokapu inapanda na kushuka bila kupumzika. Mafuta ya ndani yanapata moto, yanakuwa mepesi, yanaweza kutoa povu, na hapo shokapu inaacha kushika. Na lile vumbi laini likipata mpasuko kwenye kiraba kinachofunika jointi, linaingia kwenye grisi. Grisi ikichanganyika na vumbi inageuka kuwa msasa.

NANI ANAFANYA NINI HAPO CHINI

Watu wengi kila kitu wanakiita "shokapu". Hapo ndo wanapoanza kuliwa hela. Tuwatenganishe:

SPRINGI ndo inayobeba uzito wa gari. Gari ikikaa imeinama upande mmoja, mshtaki springi kwanza, sio shokapu.

SHOKAPU (wengine wanaita shokamzoba) kazi yake ni kuituliza springi. Springi ikishaminywa inataka kurukaruka kama mpira, shokapu inaizuia. Ndani kuna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Mafuta yanalazimishwa kupita pale, nguvu ya kurukaruka inageuka kuwa joto. Ndo maana ukitoka safari ya vumbi ukagusa shokapu unaikuta ya moto.

BUSHI ni raba zilizokaa kati ya chuma na chuma, ili amu ziweze kucheza bila kugongana.

BOLI JOINTI ni kitufe cha chuma ndani ya kikombe, kama nyonga yako. Inaunganisha amu na kile chuma kinachoshika habu ya tairi, ili tairi iweze kupanda, kushuka na kukata kona kwa wakati mmoja.

TAIRODI ni za usukani. Zinavuta na kusukuma tairi unapokata kona.

STEBILAIZA ni ile fimbo ya chuma inayotoka kushoto kwenda kulia, inazuia gari isilale sana kwenye kona. Imeshikwa kila upande na kijiti kinachoitwa LINKI.

Kwenye Corolla na Carina nyingi, mbele utakuta shokapu imevaa springi, vyote vimesimama kama mguu mmoja. Mfumo huo unaitwa MacPherson, jina la injinia wa Kimarekani Earle MacPherson aliyekuwa akifanya kazi Ford. Ford za Uingereza, Consul na Zephyr, zilikuwa nao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ulienea kwa sababu ni rahisi na haujazi nafasi. Mark II ya GX100 yenyewe ina amu mbili kila upande, ya juu na ya chini, kwa hiyo bushi na jointi ni nyingi zaidi. Ndo maana inatembea laini ikiwa nzima, na ikichakaa inakula hela. Hiace za zamani nyuma zina springi bapa zilizopangwa kama karata. Kwa hiyo ushauri wa mwenye Hiace usiubebe mzima mzima kuupeleka kwenye Corolla.

HATUA YA KWANZA: SIKILIZA

Kabla hujashika spana, toa kila kitu kwenye buti. Sitanii. Jeki iliyolegea, spana ya magurudumu, tairi ya spea ambayo haijafungwa, vyote vinagonga kama saspensheni kabisa. Angalia na ekzosi kama inaning'inia. Gari zinaletwa gereji "shokapu za nyuma zimekufa" kumbe ni jeki.

Baada ya hapo endesha polepole sehemu tulivu, vioo wazi, redio zima. Mpe mwenzako aendeshe wewe usikilize. Kelele zinaongea:

1. Ko-ko-ko ndogo ndogo za haraka kwenye rasta au kwenye bati, mwendo mdogo: anza na linki za stebilaiza na bushi zake.

2. Du! moja nzito ukiingia shimoni: shokapu iliyoisha, mauntingi ya juu ya shokapu, au bushi ya amu.

3. Du! unapokanyaga breki au unapoondoka, hata kwenye lami safi: bushi kubwa ya amu ya chini. Amu inakwenda mbele na kurudi nyuma.

4. Ngwiii kama kitanda cha bibi, gari ikipanda tuta polepole: bushi kavu, au boli jointi iliyoishiwa grisi. Hii ya pili usiidharau, nitaeleza chini.

5. Tang! ukizungusha usukani gari imesimama: mauntingi ya juu au beringi yake. Springi inakwama halafu inaruka.

6. Ka-ka-ka-ka ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta: hiyo ni sivijointi, sio saspensheni. Usinunue shokapu kwa ajili yake.

7. Vuuuu inayoongezeka kadiri spidi inavyopanda, na inabadilika gari ikilala kwenye kona: beringi ya tairi. Kama haibadiliki kabisa, angalia tairi zenyewe.

HATUA YA PILI: ANGALIA

Anza na tairi, maana tairi haijui kudanganya. Ikiliwa upande wa ndani tu au wa nje tu, alaimenti imeharibika au kuna bushi au jointi inayoiachia tairi ikae upande. Ikiliwa madoa madoa, mabonde na milima ukipitisha kiganja, shokapu haishiki au tairi haina balansi. Ikiliwa katikati, upepo umezidi. Ikiliwa pembeni kote kuwili, upepo haukutosha. Hiyo ya upepo inatibiwa na pampu tu.

Halafu angalia shokapu. Unyevu mwembamba wenye vumbi juu yake unaweza kuwa wa kawaida. Lakini ukiona mafuta yamechuruzika mpaka chini, hiyo imekufa, hamna mjadala.

Kuna lile jaribio la kukandamiza kona ya gari halafu unaachia. Gari ikirudi juu na kutulia, vizuri. Ikiendelea kunesa mara mbili tatu, shokapu imeisha. Ila jaribio hili linashika shokapu zilizokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu inaweza kupita. Kwa hiyo ikifeli amini, ikipita usiridhike moja kwa moja, linganisha na inavyotembea barabarani.

Mwisho angalia raba zote kwa tochi: bushi zilizopasuka, na vile viraba vyeusi vinavyofunika boli jointi na tairodi. Kiraba kikichanika, ile jointi ina siku zake za kuhesabu.

HATUA YA TATU: SHIKA

Hapa tunapiga jeki. Na hapa naomba unisikilize vizuri. USIINGIE CHINI YA GARI ILIYOSHIKILIWA NA JEKI PEKE YAKE. Jeki ya mafuta inaweza kushuka bila taarifa, ile ya mkono inaweza kuteleza. Weka stendi za chuma kwenye chesisi. Kama hamna stendi, kaa nje ya gari, fanya vipimo vya tairi tu, mengine mwachie mwenye vifaa. Tairi za nyuma ziweke mawe, hendibreki juu, ardhi iwe ngumu na tambarare, sio mchanga.

Kipimo cha 1: shika tairi juu na chini, mkono mmoja saa 12 na mwingine saa 6, tikisa. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi. Mchezo ukibaki, ni boli jointi au kitu kingine cha saspensheni.

Kipimo cha 2: shika kushoto na kulia, saa 9 na saa 3, tikisa. Ikicheza, angalia tairodi ya nje na ya ndani. Mwenzako aweke kidole kwenye jointi, atasikia mahali panapocheza.

Kipimo cha 3: boli jointi. Kwenye Corolla yenye MacPherson, tairi ikiwa inaning'inia, weka mtalimbo kati ya amu ya chini na kile chuma kinachoshika habu, bana juu na chini taratibu. Haitakiwi kuachia. Kwenye Mark II ni tofauti: springi inakandamiza amu ya chini, kwa hiyo boli jointi ya chini inabaki imebanwa na inaonekana nzima hata ikiwa imeisha. Hapo jeki inawekwa chini ya amu yenyewe ili jointi ipumzike, ndo unapima. Fundi asiyejua tofauti hii atakuambia "boli jointi safi kabisa" na hajasema uongo makusudi. Hajaiona tu.

Kipimo cha 4: linki. Pima tairi zote mbili zikiwa chini, au zote mbili zimenyanyuliwa. Ukinyanyua upande mmoja, stebilaiza inajikunja, linki inakazwa, hutasikia kitu. Shika kijiti ukitikise kwa nguvu. Kikicheza au kikilia, umempata.

Kipimo cha 5: mauntingi. Gari ikiwa chini, mwenzako azungushe usukani, wewe fungua boneti uangalie kichwa cha shokapu. Kikinyanyuka, kikiruka au kikilia, ni chenyewe. Mikono weka mbali na springi, ikiruka inabana vidole.

KISA CHA MJOMBA

Sasa niwape mfano wa kweli. Mjomba wangu ana Corolla ya 1997, anapiga nayo taksi hapa mjini. Ikaanza kugonga mbele kulia, ko-ko-ko. Akaipeleka gereji moja, jina naliacha. Wakaizunguka, wakaikandamiza, wakamwambia shokapu zote nne zimekufa, alete hela.

Hela iliyokuwepo ilikuwa ada ya chuo ya binti yake. Mjomba akawaza hivi: taksi isipotembea hata ya kula haipatikani, bora gari kwanza, mtoto atasubiri muhula mwingine. Mtoto mwenyewe alishajua, alikuwa analia jikoni kimya kimya ili baba yake asisikie.

Nikamwomba mjomba tuipeleke kwanza chini ya mti. Mzee wa pale alilala chini, akatikisa linki ya kulia kwa mkono mmoja. Ko-ko-ko. Ile ile! Akafungua linki zote mbili, akamwambia mjomba azunguke mtaa mmoja polepole, bila kukata kona kwa kasi. Kimya kabisa. Shokapu hazikuwa na tatizo. Linki mbili bei yake ni sehemu ndogo tu ya shokapu nne.

Mjomba akafurahi, akatoa hela, anataka kuondoka. Mzee akamwambia, "Subiri mwanangu, hiyo inayopiga kelele haiui. Tuangalie isiyopiga kelele." Akaweka mtalimbo upande wa kushoto, ule ambao haukuwa na kelele yoyote. Boli jointi ikaachia, niliona kwa macho yangu. Kiraba kilikuwa kimechanika na ndani grisi imekuwa tope jekundu.

Wadau, hii ndo sababu nimeandika makala yote haya. Boli jointi ikichomoka, tairi inalala chini ya gari. Usukani unakuwa wa pambo. Ikitokea unatoka geti la nyumbani unaita fundi. Ikitokea kwenye barabara ya Iringa au ya Morogoro una spidi 100 na basi linakuja mbele, unaita nani?

Na hili sio la gari za mtumba peke yake. Mwaka 2005 Toyota iliita magari yake zaidi ya 700,000 nchini Marekani, yakiwemo Tacoma, 4Runner na Tundra, kwa sababu ya boli jointi za mbele zilizoweza kuchakaa mapema na kuachia. Yalikuwa magari ya miaka michache tu. Sembuse hii yetu ya 1997 yenye vumbi la Dodoma?

Mjomba alibadilisha linki zote mbili na boli jointi zote mbili za mbele. Ada ililipwa, ilichelewa wiki mbili tu.

UKIFIKA GEREJI, SIMAMIA HAYA

Sisemi mafundi ni wezi. Wengi ni waaminifu na wamejifunza kwa kuungua mikono. Ila wewe uliyetumwa simamia mambo haya:

1. Omba kuonyeshwa ubovu kabla ya kununua. "Fundi, naomba nione inavyocheza." Fundi wa kweli atafurahi kukuonyesha.

2. Shokapu zinabadilishwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja. Mpya upande mmoja na nzee upande mwingine inafanya gari ivute na breki zisilingane. Lakini jozi maana yake mbili, sio nne. Za nyuma zikiwa nzima ziache.

3. Juu ya shokapu ya MacPherson kuna nati ndogo pembeni na moja kubwa katikati. Za pembeni zinashika mauntingi kwenye bodi. Ile ya katikati ndo inayoizuia springi isifyatuke. HAIFUNGULIWI kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake pande zote. Springi ikifyatuka inavunja taya, inaua. Ukiona fundi anataka kuibana kwa kamba au waya, chukua gari yako uondoke.

4. Bushi za amu zinakazwa nati ya mwisho gari ikiwa imekaa kwa uzito wake, sio ikiwa inaning'inia. Bushi nyingi raba yake imeshikamana na chuma, inafanya kazi kwa kujinyonga kidogo. Ukiikaza ikiwa imening'inia, gari ikishuka raba inakaa imenyongwa muda wote na inachanika mapema. Ndo pale mtu anasema "bushi za siku hizi feki", wakati mwingine kosa ni la kukaza.

5. Boli jointi na tairodi zinazotumia nati ya taji zina spliti pini. Iwekwe mpya, ikunjwe. Sio waya, sio msumari.

6. Kataa sindano ya grisi. Kuna mtindo wa kutoboa kiraba na kupiga grisi kwa sindano ili boli jointi inyamaze. Itanyamaza kweli, lakini chuma kilicholika hakirudi. Umenyamazisha shahidi tu.

7. Bushi za kuchonga kutoka kwenye tairi zinaweza kukufikisha nyumbani siku ya dharura. Zisiwe za kudumu, hazishiki amu mahali pake na alaimenti haitatulia.

8. Ukishagusa tairodi, amu, boli jointi au shokapu za mbele, malizia na alaimenti. Ukiiruka, tairi mpya zinaliwa na hela uliyookoa inaishia hapo. Ila usipige alaimenti KABLA ya kutoa vitu vinavyocheza, ni kama kupima nguo mtoto anakimbia.

KUHUSU SPEA

Andika namba ya chesisi na modeli iliyo kwenye kibati cha gari kabla ya kwenda dukani. "Corolla ya tisini na saba" haitoshi. AE100, AE104, AE110 na AE114 zote ni Corolla, na zile za AE104 na AE114 zinasukuma tairi zote nne, vitu vyake vingine haviingiliani. Beba na spea ya zamani ulinganishe kaunta.

Shokapu ya mtumba unaweza kununua ukiwa makini: isiwe na mafuta nje, kijiti chake kiwe kinang'aa bila kutu wala mikwaruzo, ukikisukuma na kukivuta kiwe kizito sawasawa mwanzo hadi mwisho. Kikipita mahali kikawa chepesi ghafla, iache. Lakini boli jointi, tairodi na bushi za mtumba usinunue. Hujui zimebakiza nini, na raba yake ni nzee kama yako.

HELA HAITOSHI, NIANZE NA NINI?

Hili ndo swali la wengi. Mpangilio ni huu: kwanza boli jointi, tairodi na beringi za tairi, maana hizo zikiachia hakuna pa kujishika. Pili tairi zenyewe. Tatu shokapu, kwa sababu tairi inayorukaruka haishiki ardhi na breki inachukua umbali mrefu zaidi. Nne bushi za amu. Tano linki na bushi za stebilaiza. Kelele iliyobaki vumilia mpaka mwisho wa mwezi.

Umeona? Linki inayopiga kelele kuliko wote iko namba tano, na boli jointi inayokaa kimya iko namba moja. Kwa hiyo usisubiri gari ilie. Kila ukibadilisha oili, mwombe fundi aweke na mtalimbo kwenye boli jointi. Ni dakika kumi tu.

Waliosoma mpaka hapa, printini mumpelekee mwenye gari nyumbani. Mafundi mnaopita humu, kama kuna kipimo nimekiacha au mna njia bora, shusheni kwenye maoni hapo chini tujifunze wote. Na wewe ambaye gari yenu inagonga sasa hivi, andika inagongaje, wapi na wakati gani, wadau watasaidia.

Nawasilisha.